Chemosit: Mguu Moja, Matako Tisa, Ngoma Usiku

Wasee wengi wa Nairobi wameskia tu Nandi Bear, ile dubu noma inasemekana iko msitu wa Nandi ikimanga ubongo za watu. Lakini zama shags huko pande za Kapsabet, ukae jikoni na kogo (shosho) akupee stori, na mnyama utachorewa hafanani na dubu hata kidogo. Ni Chemosit. Nusu mtu, nusu ndege. Mguu iko moja, matako ni tisa, na mdomo ni nyekundu, inawaka usiku ka taa. Akitembea anaegemea fimbo inakaa mkuki. Haya yote mzungu A. C. Hollis aliyaandika kwa kitabu yake The Nandi, 1909, na mnyama wa kunibamba hivi sijaona kwa muvi yoyote.

Cheki venye anawinda. Na mguu moja hawezi timua mtu mbio, so hajisumbui. Anakaa giza karibu na kwake, anaanza kuimba. Watoi wanaskia ngoma, wanaona mwangaza kwa miti, wanadhani kuna densi imewaka huko. Wanajipeleka wenyewe, na ndio hao, wamemangwa. Hata hizo matako tisa naona ziko mahali zinafaa, ju mwindaji wa kungoja kazi yake ni kukaa.

Hiyo mtego iko kwa wanyama wa ukweli. Chini sana kwa bahari, pahali jua haifiki, kuna samaki jike ako na kijiti kwa paji la uso, na kwa ncha kuna bakteria zinawaka. Wadogo wakifuata hiyo taa wanajipata kwa meno. Marekani nako kuna kimulimuli anaitwa Photuris. Jike anaiga ile mwako ya majike wa aina ingine, dume akikam akidhani ameitwa, analiwa. Wazee wa Nandi hawakuwa na maabara, lakini waliunda mwindaji mwenye mwili na tabia zimeshikana hivo. Hiyo ni akili kubwa, na naskia vibaya sana vile ilifutwa.

Ju ilifutwa. 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi dhidi ya Waingereza, akapigwa risasi, upinzani wa Wanandi ukavunjwa, masetla wakamiminika Uasin Gishu. 1912 mzungu Geoffrey Williams akaandika kwa jarida ya mambo ya wanyama ati aliona kitu huko imeketi wima ka dubu. Baada ya hapo kila mzungu akawa na yake, hadi wale walikuwa wanajenga reli ya Magadi, mbali sana na Nandi. Ndege ikatolewa kwa stori. Taa ikazimwa, ngoma ikanyamaza. Ikabaki manyoya, mabega ziko juu na mgongo inateremka nyuma.

Sasa huyo mnyama wa mabega juu mimi namjua, ni fisi wa madoa. Miguu zake za mbele ni ndefu kuliko za nyuma, watoto wake huzaliwa weusi, na taya zake zinavunja mfupa bila stress. Dubu wa porini kusini ya Sahara hakuna. Kuna wenye walisema Nandi Bear ni Ancylotherium, ndugu ya farasi na kifaru mwenye alikuwa na makucha badala ya kwato, na mifupa zake zimetokea Laetoli, Tanzania. Mnyama safi sana, lakini alikuwa anakula majani, na alishaisha kitambo kabla ya watu kuanza kupeana hizi stori. Ubongo ya mtu angeifanyia nini?

Mafundi wa kuchora nganya, nawaomba hii moja. Mmeshachora marapa wa majuu wote. Chorea wasee wa Eldoret Chemosit, wa mguu moja na matako tisa zote, mumwekee mbawa, na mdomo muweke taa nyekundu ya kuwaka ukweli. Ngoma gari iko nayo tayari.