TAJIRI WA KIJIJI NI NANI?



Ukiuliza kijijini, "Tajiri wenu hapa ni nani?", watu hawakawii kujibu. Watakuonyesha nyumba ya bati yenye pikipiki mlangoni. Au watakuonyesha kundi la ng'ombe. Ni mara chache watakuonyesha kihenge. Sisi tunaona ni afadhali kuanza na kihenge.

Hatusemi kwamba bati ni baya. Wala hatusemi fedha si kitu. Anayesema hivyo hajawahi kukosa nauli ya kumpeleka mtoto hospitali usiku. Lakini tujiulize jambo moja. Mtu huyu akipatwa na shida leo, atalazimika kuuza nini? Na atauza kwa bei ya nani, ya kwake au ya mnunuzi?

Tuchukue mfano. Tuseme kuna nyumba mbili jirani. Kila nyumba ina watu 6. Mwezi wa Juni kila nyumba imevuna magunia 20 ya mahindi. Kila nyumba inakula kilo 3 za unga kwa siku. Haya, chukueni penseli. Kilo 3 mara siku 30 ni kilo 90. Ongeza pumba na kinachopotea mashineni, unapata kama gunia moja la kilo 100 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima nyumba hii inahitaji magunia 12.

Bwana wa nyumba ya kwanza aliuza magunia 15 mwezi wa Julai. Bei ilikuwa shilingi 40,000 kwa gunia, kwa sababu kila mtu alikuwa anauza. Akapata shilingi 600,000. Akalipa malipo ya kwanza ya pikipiki, na kijiji kizima kikasema, "Bwana ameukata!" Akabakiwa na magunia 5. Magunia hayo yakaisha mwezi wa Novemba.

Sasa kuanzia Desemba mpaka Juni ni miezi 7. Lazima anunue magunia 7. Bei imefika shilingi 80,000. Mara 7, ni shilingi 560,000. Yaani magunia 15 yaliingiza 600,000, na 560,000 ikarudi kununua magunia 7. Tofauti ni shilingi 40,000 tu. Magunia yake 8 yamekwenda kwa shilingi 5,000 kila moja! Hakuna mlanguzi aliyemwibia. Alikubali mwenyewe.

Na hizo 560,000 atazitoa wapi, wakati fedha imekwishaingia kwenye pikipiki? Ndipo utamwona mwezi wa Januari anakwenda kulima kibarua katika shamba la mwenzake. Huko ndiko anakopata debe la mahindi. Shamba lake mwenyewe linabaki na magugu. Mwaka unaofuata hatavuna magunia 20 tena. Pengine atavuna 14.

Mama wa nyumba ya pili aliweka kando magunia 12 ya chakula kwanza. Julai aliuza magunia 3 kwa mahitaji ya lazima, akapata 120,000. Magunia 5 aliyaweka mpaka Januari, akapata 400,000. Jumla ni 520,000, na chakula kipo ndani. Bei hizi ni za mfano tu. Upo mwaka ambao bei haipandi kiasi hicho, na aliyengoja hapati faida kubwa. Hata hivyo, mwaka huo nao watoto wake wanakula.

Mnaona tofauti iko wapi? Mavuno yalikuwa sawa. Mashamba yalikuwa sawa. Yule mama ana kitu kimoja ambacho bwana hana: anaweza kungoja. Kwa maoni yetu, huo ndio utajiri wenyewe. Tajiri ni mtu asiyelazimika.

Mambo haya si ya mahindi peke yake. Kule Kagera kuna biashara iitwayo butura. Mkulima anauza kahawa yake ingali mtini, wakati mwingine ni maua tu. Mtoto anaumwa, ada inadaiwa, basi anapokea fedha kidogo. Kahawa ikiiva, anayevuna faida ni mwingine. Kule Mtwara na Lindi kuna kangomba, ambapo korosho hununuliwa mapema kwa bei ya chini, nje ya chama cha ushirika. Mwezi wa Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mkulima aliyekwisha kuuza korosho zake kwa kangomba aliisikia bei hiyo redioni tu. Biashara hizi zimepigwa marufuku, lakini marufuku peke yake haimpi mtu dawa ya mtoto.

Na mwenye ng'ombe 100 je? Huyo naye anaweza kulazimika. Mwaka 2009 ukame ulikausha malisho kule Longido, Monduli na Ngorongoro. Ng'ombe wengi sana walikufa. Wakati wa ukame kila mfugaji anapeleka mnadani ng'ombe waliokonda, kwa hiyo bei ya ng'ombe inashuka. Wakati huohuo bei ya mahindi inapanda. Wenye mifugo mnalijua jambo hili kuliko sisi. Mfugaji anayepunguza baadhi ya ng'ombe wakingali wanono huchekwa na wenzake, eti anamaliza mali. Lakini yeye amechagua siku ya kuuza. Wengine wamechaguliwa na jua.

Siku hizi kuna mtego mwingine, nao ni mikopo ya kausha damu. Jina hilo wamelitunga wakopaji wenyewe, na wamelitunga vizuri. Tuseme umekopa 100,000, urudishe 130,000 baada ya mwezi. Ukishindwa, wanabeba godoro na sufuria. Kwa Sheria ya mwaka 2018 ya Huduma Ndogo za Fedha, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni. Muulizeni akuonyesheni, na muisome. Mkiambiwa "weka dole gumba tu hapa, maelezo baadaye," rudisheni karatasi. Ninyi si watu wa dole gumba tena.

Sasa tuseme unataka kungoja kama yule mama. Adui wa kwanza ni dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu wakampa jina la Scania, kama lile lori. Gunia zuri analigeuza vumbi kwa miezi michache. Wakulima wengine huuza mapema kwa kumwogopa yeye, wala si kwa shida ya fedha.

Dawa ya kwanza ni kukausha vizuri. Jaribuni hivi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu. Tia punje za mahindi mpaka robo, na vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha chupa itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji bado, yarudi juani. Chumvi isiposhika, yamekauka.

Dawa ya pili ni ile mifuko ya kinga njaa. Ina mifuko miwili ya nailoni ndani na gunia la kawaida nje. Kila mfuko wa ndani unafungwa peke yake, kwa nguvu. Hewa inakwisha na wadudu wanakufa, bila kutia dawa yoyote. Mfuko ni ghali kuliko gunia tupu, lakini ukitunzwa usitoboke unatumika zaidi ya msimu mmoja. Panya wakiutoboa, kazi yote imepotea. Basi weka juu ya mbao, mbali na ukuta.

Lipo jambo moja ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Katika nyumba nyingi mke analima, mume anauza. Mama anakwenda ghalani asubuhi, anakuta magunia mawili hayapo. Hakuna mfuko wala dawa inayozuia hilo. Linazuiwa kwa kukaa chini, mume na mke, siku ya kuvuna, na kuhesabu: haya 12 ni ya chakula, hayaguswi, haya 8 tutauza, na tutauza lini. Kisha andikeni kwa chaki kwenye mlango wa ghala: tarehe, gunia lililotoka, yaliyobaki. Mume aone, mke aone, na mtoto wa darasa la nne afanye hesabu ya kutoa.