Usiache simu itoe siri ya ugonjwa wako

Mama mmoja kutoka sehemu za Kwanza, karibu na mji wa Kitale, alikuja kuniona akiwa amekonda na kukohoa sana. Alikuwa amekaa miezi minne bila kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Si kwamba dawa zilikosekana. Kliniki ilikuwa imemtumia ujumbe wa kumkumbusha siku ya kurudi, na wakati huo simu ilikuwa mikononi mwa shemeji yake. Ujumbe ukajitokeza kwenye kioo. Tangu siku hiyo, kwa aibu, hakurudi kliniki.

Zamani siri ya mgonjwa ilikaa kwenye faili. Leo sehemu kubwa imo ndani ya simu, na nyumbani simu moja hushikwa na watu wengi.

Madhara kwa mwili

Siri ikitoka, mara nyingi matibabu hukatika. Mtu akiacha dawa za virusi vya Ukimwi, virusi huanza kuzaana upya katika muda wa wiki chache. Kinga ya mwili hushuka, na magonjwa kama kifua kikuu hupata nafasi. Akimeza leo na kuacha kesho, virusi vinaweza kuwa sugu. Lakini anayemeza kila siku, hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa ngono.

Siri hutokaje?

Kwanza, simu nyingi huonyesha ujumbe hata zikiwa zimefungwa. Pili, picha ya majibu ya maabara inayotumwa kwa WhatsApp huweza kujihifadhi pamoja na picha za harusi na za watoto. Tatu, ukifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya 'cyber' na kusahau kuitoa, anayekuja baada yako ataweza kusoma. Nne, fundi wa simu akipewa nambari ya siri huona kila kitu. Tano, laini isiyotumiwa kwa muda mrefu huweza kuuziwa mtu mwingine, na ujumbe wa kliniki ukamfikia yeye.

Ufanye nini?

Mwambie muuguzi ni nambari gani itumiwe na ni saa ngapi unaweza kupigiwa. Omba ujumbe usitaje ugonjwa, kliniki wala dawa. Kama huna simu yako, sema wazi; tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yatosha. Ukibadilisha laini, ijulishe kliniki. Zima maandishi yanayojitokeza kwenye kioo, futa picha za majibu ukishaziona, na utoe picha zako kabla ya kumwachia fundi simu.

Sheria iko upande wako

Mwaka wa 2015 serikali ya Kenya iliagiza kukusanywa kwa habari za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mnamo Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba. Sheria ya Ukimwi ya mwaka wa 2006 inakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kituo kikitoa siri yako, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data.

Sisi wahudumu pia tuna lawama. Ni mara ngapi tunaandika nambari ya simu bila kuuliza ni ya nani? Swali hilo halichukui hata dakika moja.

Yule mama alipimwa kifua, akaanzishiwa dawa tena. Sasa hatumiwi ujumbe. Tarehe yake imeandikwa kwenye kadi, na kadi anaiweka anapojua mwenyewe. Nawe msomaji, kama uliacha dawa kwa sababu ya aibu ya namna hii, rudi kliniki wiki hii. Usingoje kikohozi.