Je, Wajua? Shujaa Mtakatifu Mwenye Moyo Uliogawanyika

Je, wajua kuwa mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, hauhitaji skrini wala umeme? Watu wanne au watano huketi mezani, mmoja akawa msimulizi, na kila mmoja wa wengine akajitwika mhusika wake. Dadu lenye pande 20 huamua kama pigo limempata adui. Kwa jioni ya mvua kule Kiplombe, hapa Kenya, penseli, karatasi na dadu hilo vinatosha.

Je, wajua kuwa paladini, shujaa apiganaye kwa nguvu itokayo juu, aliingia katika mchezo huo mwaka 1975? Kitabu cha kanuni cha 1978 kilimbana hasa: asimiliki zaidi ya vifaa 10 vya kichawi, atoe sehemu ya kumi ya mapato yake, na akitenda uovu kwa kujua, avuliwe hadhi yake moja kwa moja.

Je, wajua kuwa toleo la 2014 lilimfungulia? Tangu hapo kinachomfunga ni kiapo alichokula, na viapo vyenyewe si vya aina moja. Kipo hata cha kisasi. Aliyekila hana huruma kwa mwovu mkubwa anayemsaka. Sasa mpe msimulizi hodari: atamweka mlangoni kijana wa miaka 15 aliyelazimishwa kushika upanga wa huyo mwovu. Paladini atafanya nini? Kwangu mimi, mchezo huanza hapo. Kuhesabu majeraha ni kazi ya dadu.

Je, wajua kuwa mfano bora wa mhusika wa namna hii uko karibu na Kiplombe kuliko ngome yoyote ya Ulaya? Miongoni mwa Wanandi, majirani wa kusini, alikuwapo orkoiyot, kiongozi wa kiroho kutoka ukoo wa Talai. Vijana walipotaka kwenda kuteka ng'ombe, walimpelekea shauri lao. Akilibariki, walitoka. Wakirudi na mifugo, alipata fungu lake. Na wasiporudi?

Mwaka 1890 swali hilo lilijibiwa. Orkoiyot Kimnyole arap Turukat alilaumiwa kwa maafa yaliyoikumba jamii, likiwemo shambulio alilolibariki ambalo liliangamiza wapiganaji wengi. Wanandi wenyewe wakamuua. Ndiye huyo anayekumbukwa kwa utabiri wa nyoka wa chuma atakayepita nchini akitema moto na moshi, na reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Nabii aliyeona mbali hivyo hakuachwa bila kuulizwa habari za waliokufa. Katika vitabu vya mchezo, anayemvua paladini nguvu zake ni mungu wake, au msimulizi kwa niaba ya mungu huyo. Hapa walikuwa ni watu walewale waliomtegemea. Naona fundisho la kwetu ni zito zaidi, tena linatisha zaidi, kwa sababu watu nao wanaweza kukosea.

Je, wajua kuwa mwanawe, Koitalel arap Samoei, alirithi mzigo huohuo na kuongoza upinzani dhidi ya Waingereza tangu 1895? Tarehe 19 Oktoba 1905 alikwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akauawa papo hapo pamoja na wenzake. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimsafisha kapteni huyo. Usaliti ule hausafishiki. Fimbo za Koitalel zilizochukuliwa siku ile zilirudishwa Kenya mwaka 2006, na jumba la makumbusho lenye jina lake liko Nandi Hills.

Je, wajua kuwa Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa mwaka 1923 na kuachiliwa 1964? Zaidi ya miaka 40 kifungoni.

Je, wajua kuwa Alice Auma wa Uganda, aliyesema anaongozwa na roho aitwaye Lakwena, aliwapa wapiganaji wake masharti 20? Wizi, pombe na sigara vilikatazwa. Hata kujificha nyuma ya mti au kichuguu risasi zikivuma kulikatazwa. Jeshi lake lilivunjwa karibu na Jinja mwaka 1987, naye akafa ukimbizini Dadaab, hapa Kenya, mwaka 2007. Kiapo kikali hakikuwakinga wale vijana.

Je, wajua kuwa fasihi ya Kiswahili inaye shujaa mtakatifu mwenye shaka aliyechorwa vizuri kuliko wengi? Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kuzuia risasi, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya 1969, anaanza kuyashuku maji yake mwenyewe, lakini watu wamekwisha kuyaamini na wanataka vita. Mwishoni Wajerumani wanamtaka aseme maji ni uongo. Anakataa, kwa kuwa kukana maji kungekuwa kuukana pia umoja uliozaliwa nayo. Anayetaka kucheza paladini aliyegawanyika aisome kabla ya kurusha dadu.

Je, wajua kuwa unaweza kuongeza kanuni yako mwenyewe mezani bila kuvunja mchezo? Jaribuni hii: paladini wenu asipewe baraka na mungu peke yake. Wekeni baraza la wazee wa kijiji, linalochezwa na wachezaji wengine kwa zamu, lenye uwezo wa kumnyang'anya nguvu zake kila anaporudi na majeruhi. Ajieleze mbele yao kwanza. Dadu lirushwe baada ya hapo.