Usiache Sindano kwa Sababu ya Jasho
Mzee wa Jericho au Kayole anayetibiwa saratani ya tezi dume kwa sindano za homoni huweza kuamka usiku amelowa jasho, mwili umechoka na hamu ya ndoa imemtoka. Wengine huacha sindano kimyakimya. Hilo ni hatari, kwani dawa hiyo hupunguza homoni ya kiume inayolisha saratani, njia aliyoionyesha Charles Huggins kule Chicago mwaka 1941.

Kwa jasho, punguza pombe, pilipili na chai moto jioni. Mifupa nayo hudhoofika: kula omena, maziwa na sukuma wiki, tena utembee nusu saa kila siku. Mweleze mkeo kwamba ni dawa, asije akadhani una mwingine nje. Yakizidi, mwone daktari wako kabla siku ya sindano haijapita.