MAJI UNAYOKUNYWA KAZINI: NANI AMEYAPIMA?



Hivi karibuni nilikuwa Mbarara kwa kazi ya Chama. Nilibakiwa na siku mbili kabla ya mkutano wa tawi, nikapanda gari kwenda Nakivale kuwatembelea wenzetu vibarua, wale wanaotoka kambini wakati wa palizi na mavuno, na kazi ikiisha wanarudi. Nilikwenda kuzungumza habari za mishahara. Nilirudi na habari za maji.

Ilikuwa hivi. Asubuhi niliwakuta watu kwenye bomba, madumu ya manjano yamepangwa foleni ndefu. Kijana mmoja wa kazi za maji alikuwa akiunguza mdomo wa bomba kwa moto wa spiriti. Watoto wakacheka: "Anapika bomba!" Alipomaliza alifungulia maji yamwagike kidogo, akajaza kichupa, akakiweka ndani ya sanduku la barafu. Mama mmoja Mkongo aliyekuwa mbele ya foleni akamwuliza, "Mwanangu, kila mara munakuja kubeba maji yetu katika chupa. Majibu munapelekaka wapi?" Kijana akasema kwa adabu kwamba yanakwenda ofisini. Mama akamtazama, akasema, "Ni ofisi inakunywaka haya maji?"

Mimi nilicheka pamoja na watu wengine, lakini usiku sikulala vizuri. Maana swali la mama yule ni swali letu viwandani na mashambani, na sisi hatujaliuliza.

Kwa ndugu wasiofika kule: Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara. Ilianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo kuna watu zaidi ya 150,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, na lugha inayowaunganisha sokoni ni hiki Kiswahili chetu. Sehemu kubwa ya maji yao hutoka katika ziwa Nakivale, yakavutwa kwa mashine na kusafishwa kwa dawa. Wengine hutumia visima vya pampu, na bomba likikauka watu huteremka bondeni.

Sasa angalieni jinsi maji yale yanavyofika ziwani. Mto Rwizi huanzia milima ya Buhweju, kwenye mashamba ya chai na mabonde ambamo watu huchimba dhahabu. Hushuka, ukapita Mbarara mjini, penye viwanda vya maziwa, bia na soda, machinjio na gereji. Kisha huingia Isingiro, na kupitia mafunjo hulisha maziwa ya Mburo na Nakivale. Mchuma chai yuko juu, mfanyakazi wa kiwanda yuko katikati, kibarua wa Nakivale yuko chini na dumu lake. Sisi wa katikati tunakunywa ya mwenzetu wa juu, na wa chini anakunywa yetu.

Wasomi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichofunguliwa mwaka 1989, wameuchunguza mto huu mara kadhaa. Nilidhani ni kazi ya miwani na vitabu vikubwa tu. Lakini yule kijana wa barafu alikubali kunieleza, nami nawaelezeni kama nilivyoelewa, maana elimu yangu ni ya shule ya msingi na niliielewa.

Vijidudu vya maradhi ni vya aina nyingi mno, huwezi kumtafuta kila mmoja. Kwa hiyo wapimaji humtafuta mmoja tu anayeishi ndani ya matumbo ya watu na wanyama, jina lake E. koli. Akionekana majini, basi kinyesi kimefika, na kinyesi kikifika, kipindupindu na homa ya matumbo vyaweza kufika kwa njia hiyohiyo. Mililita 100 za maji hupitishwa kwenye karatasi yenye matundu madogo kuliko kijidudu. Karatasi hulazwa juu ya chakula cha vijidudu na kuwekwa katika joto la digrii 44 mpaka kesho yake. Kila kijidudu kilichonaswa kitakuwa kimezaa doa, na madoa huhesabiwa kwa macho. Shirika la Afya la Dunia linasema katika maji ya kunywa pasiwe na hata doa moja. Barafu ni kwa sababu vijidudu hufa au huzaana njiani, na chupa ikikaa juani jibu huwa la uongo. Mashine zake zote zinaingia katika sanduku la kubebwa mkononi, la namna iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kwa ajili ya mahali pasipo umeme. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba kupima maji ni lazima Kampala.

Maji ya ardhini na maji ya mto ni vitu viwili. Maji ya kisima yamechujwa na udongo, kwa hiyo mara nyingi ni masafi kuliko ya mto. Lakini udongo hauzuii kila kitu. Mkojo na mbolea huacha naitreti inayoteremka na mvua. Kipimo chake kisizidi miligramu 50 kwa lita, kwani ikizidi humdhuru mtoto mchanga wa chupa hata akageuka rangi ya bluu kwa kukosa hewa katika damu. Na hapa wengi wetu tunakosea: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi naitreti. Ukiyachemsha sana maji hupungua na naitreti hubaki palepale. Tena mto ukichafuliwa leo, uchafu ukikoma mto hujiosha. Kisima kikichafuka chini, huweza kubaki hivyo miaka.

Yako pia maji mekundu. Mnayajua, yanafanya chai iwe nyeusi na shati jeupe kuwa kama limefuliwa kwa kutu. Mara nyingi si kosa la ardhi peke yake. Maji yenye ukali kidogo hula mabomba ya chuma yaliyo ndani ya kisima, na mwaka 2016 Wizara ya Maji ya Uganda ilisimamisha utumiaji wa mabomba ya namna ile katika visima vya pampu. Chuma chenyewe hakiui mtu. Kinachoua ni kwamba watu wakichukia ladha yake huacha kisima salama, wakaenda kuchota bwawani.

Ndugu zangu, naomba niseme jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika shamba moja, jina naliacha. Nyumba za vibarua zilikuwa mlimani, vyoo nyuma ya nyumba, kisima chini ya vyoo. Mwaka huo homa ya matumbo iliingia kambini, mwenzangu wa chumba kimoja akafa, tukamzika Jumapili ili tusikatwe siku ya kazi. Meneja alituita uwanjani akasema sisi ni wachafu, hatunawi mikono. Tukainama tukanawa mikono. Baadaye alikuja bwana wa maji na vichupa vyake. Majibu yakaja, yakawekwa mtotoni mwa meza, na sisi hatukuambiwa neno. Karani ndiye aliyetunong'oneza, mwaka mzima umekwisha, kwamba karatasi ilisema kisima kina kinyesi. Sikasiriki kwa sababu kisima kilikuwa kichafu, hilo huweza kutokea popote. Nakasirika kwa sababu ya ile meza.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1854 kipindupindu kilivamia mtaa wa Broad Street, London. Daktari mmoja, John Snow, alizunguka akiuliza nyumba kwa nyumba waliokufa walikunywa maji gani. Penye mtaa huo palikuwa na kiwanda cha fataki za bunduki chenye wafanyakazi kama 200. Tajiri wao aliwawekea mapipa mawili, siku zote yamejaa maji ya pampu ya mtaani, anayetaka anywe. Wafanyakazi 18 wakafa. Hatua chache kutoka pale palikuwa na kiwanda cha bia chenye watu zaidi ya 70, na hakufa hata mmoja kwa ugonjwa ule. Wao walipewa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. (Wanachama wa viwanda vya bia msinitumie makala hii kwa meneja wenu.) Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Baadaye wakafukua wakaona shimo la choo la nyumba ya jirani linavuja karibu kabisa na kisima. Pipa lile lilikuwa wema wa tajiri, naye hakujua. Hakuna aliyekuwa amepima.

Na wenzetu wa Nakivale waliopitia Goma hawahitaji kuambiwa habari za London. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walikaa juu ya mwamba wa volkano, jembe haliingii kuchimba choo, maji ni ya ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Mzee mmoja aliyekuwapo aliniambia anapoona kijana anatia klorini katika tangi, husimama kidogo hata kama ana haraka.

Turudi mtoni. Taka za kiwanda si lazima ziwe sumu ndipo ziharibu mto. Chukueni maziwa, chakula cha mtoto. Yakimwagwa mtoni, vijidudu huyala na katika kula hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini, samaki wakakosa ya kuvuta. Wapimaji hupima hewa itakayoliwa kwa siku tano. Kanuni za Uganda za mwaka 1999 ziliweka mwisho miligramu 50 kwa kila lita ya maji yanayotoka kiwandani. Kanuni hizo zilitungwa upya mwaka 2020. Maziwa yenyewe hula kama miligramu 100,000. Pigeni hesabu: lita moja ya maziwa yaliyoharibika yataka lita 2,000 za maji safi ili yafike kiwango kile. Sasa fikirini tangi zima limeoshwa na kumwagwa.

Na anayefungua koki ni nani? Ni mwenzetu wa zamu, kwa amri. Akikataa anafukuzwa, akikubali anawanywesha ndugu zake. Hapo ndipo Chama kinapotakiwa kusimama katikati, mtu asiachwe peke yake na koki.

Mpimaji huja mchana, siku ya kazi, na taarifa imepelekwa mbele. Mtaro unanuka usiku. Jumatatu asubuhi, baada ya kiwanda kulala Jumapili, mtaro ni mweupe kama kioo. Visima navyo, ukivipima wakati wa kiangazi peke yake utavisifu, lakini mvua ya kwanza ndiyo inayosukuma uchafu wa vyoo. Kwa hiyo jibu moja la siku moja si ushahidi wa mwaka mzima. Kijana wa barafu aliniambia mto wenyewe hutunza kumbukumbu: chini ya mawe wako wadudu wadogo wasiovumilia uchafu, na mahali walipotoweka, ujue palipita kitu kibaya wiki zilizopita hata kama maji ya leo ni meupe.

Viongozi wa matawi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kunywa. Neno "safi" litabaki neno mpaka litiwe hesabu. Katika mapatano yajayo takeni maji ya kunywa yapimwe kiangazi na masika, mwakilishi wa wafanyakazi awepo chupa inapojazwa, na majibu yabandikwe penye ubao wa zamu, si ofisini. Hata kabla ya maabara, macho yenu yana kazi. Je, saruji ya kisima imepasuka? Maji yaliyomwagika yanatuama na kurudi ndani? Choo kiko juu ya kisima, tena karibu kuliko mita 30? Tangi lina kifuniko? Klorini iwe bado ipo kidogo maji yanapofika bombani, miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita, na kipimo chake ni kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi, mtoto wa shule anaweza kukisoma. Na madumu yetu wenyewe tuyasugue, maana nimeona maji masafi ya bomba yakitiwa katika dumu lenye utelezi wa kijani. Hilo hatuwezi kumlaumu tajiri.

Niliporudi Mbarara nilileta jambo hili katika mkutano wa tawi. Wengine walinung'unika kwamba tumekuja kwa mishahara, na kweli ya mishahara tulianza nayo. Lakini dada mmoja mfagiaji alisimama akasema yeye huusikia mtaro ukibadilika harufu karibu na saa nane za usiku, si kila siku, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Mlinzi akasema naye anausikia. Tukachanga palepale, likanunuliwa daftari. Kila zamu inaandika saa, rangi na harufu, bila kutaja mtu. Liko kwa mlinzi, na tutakapoonana na meneja tutaingia nalo.