Mgema akisifiwa: Wingi wa mauzo si cheti cha ubora

Ipo hoja ambayo husikika mara kwa mara miongoni mwa vijana wapenzi wa michezo ya video. Mmoja akidai kwamba mwendelezo wa mchezo fulani umepwaya, mwenzake humjibu kwa takwimu: umeuza mamilioni ya nakala, basi utakuwaje mbaya? Hoja hii huegemea methali isemayo kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni hoja nzito, lakini yafaa ipimwe kabla ya kukubaliwa.

Tutazame Pokémon Scarlet na Pokémon Violet, michezo pacha iliyotolewa Novemba 18, 2022. Katika siku tatu za kwanza iliuza nakala milioni 10 kote ulimwenguni, na kampuni ya Nintendo ikatangaza kwamba mauzo ya kiasi hicho hayakuwahi kuonekana katika mashine zake. Kwa hakika, wengi waliusifu uhuru wa kuzurura popote katika ulimwengu wake. Hata hivyo, malalamiko yalizagaa: picha zilikwama, na wahusika walipenya kuta na kutumbukia chini ya ardhi. Mwezi uliofuata, Nintendo iliomba radhi.

Je, wanunuzi wale walinunua nini? Hawakununua ubora wa mchezo, kwa maana wengi wao hawakuwa wameuonja. Walinunua sifa iliyojengwa na watangulizi wake tangu 1996. Mauzo ya siku za mwanzo basi ni mavuno ya mbegu iliyopandwa na mwingine. Na hapo ndipo penye hatari, kwani mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kinyume chake pia ni kweli. Mnamo 1994, Mjapani Shigesato Itoi alitoa Mother 2, mwendelezo wa mchezo wake wa 1989. Ulipopelekwa Marekani mwaka wa 1995 kwa jina EarthBound, ulitangazwa kwa mzaha kuwa ni mchezo unaonuka, na mauzo yake yakawa duni. Wamarekani hawakuwa wameuziwa ule wa kwanza, kwa hivyo hapakuwa na jina la kuubeba. Leo hii huhesabiwa miongoni mwa michezo bora ya enzi yake, na Toby Fox, mtunzi wa Undertale ya 2015, ni mmoja wa waliochota kutoka kisima hicho.

Je, tuseme basi kwamba mauzo hayana maana yoyote? La hasha! Street Fighter II ilipotoka 1991, mtangulizi wake wa 1987 hakuwa na sifa kubwa ya kurithisha. Isitoshe, ulichezwa kwenye mashine za kutumbukizia sarafu. Aliyeshindwa alitoa sarafu nyingine akacheza tena, na kesho yake akarudi. Kila sarafu ya pili ilikuwa kura ya mtu aliyekwisha kuonja. Mauzo ya namna hiyo ni ushahidi, ingawa hata hayo hayatoshi kuwa hukumu.

Walimu wa fasihi wanaifahamu hali hii. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa katika shule za upili, huuzwa kwa maelfu. Ikiondolewa katika orodha, mauzo hushuka, ilhali hakuna neno hata moja lililobadilika ndani yake.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayeandika insha ya kusifu au kukosoa kazi yoyote, iwe mchezo, filamu au riwaya, asiishie kwenye takwimu. Aulize: walionunua walikuwa wamejua nini wakati walipotoa pesa zao? Kisha aifungue kazi yenyewe na kuikagua, maana uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.