Mbuzi, mbũri, mbui: Maneno ya nyanya yako yana siri

Hebu jaribu hili leo. Muulize rafiki yako Mkikuyu mbuzi anaitwaje kwao. Atakwambia mbũri. Mkamba atasema mbui. Na mwezi je? Mkikuyu atasema mweri, Mkamba mwei.

Umeona mtindo? Penye z ya Kiswahili, Kikikuyu kinaweka r, nacho Kikamba kinaidondosha sauti yenyewe. Si bahati nasibu. Wanaisimu wanasema zote zilitokana na d moja ya lugha ya kale, iliyozungumzwa karibu na mpaka wa leo wa Nigeria na Cameroon, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wasemaji wake walisambaa, matamshi yakabadilika polepole. Hata Mzulu kule Afrika Kusini anasema imbuzi.

Lakini chunga, si kila kufanana ni undugu. Meza ya Kiswahili na metha ya Kikikuyu asili yake ni Kireno. Hayo ni ya kukopa tu.

Mababu hao hawakutuachia maandishi. Walituachia vigae vya vyungu, na maneno. Kigae kitakaa ardhini hata miaka elfu kikingoja kuchimbwa. Neno halingoji, likikosa wa kulitamka, limeenda.

Kwa hivyo ukienda ushago likizo hii, usione haya kuuliza. Washa simu, umrekodi nyanya akitaja miti, wadudu na vyombo vya jikoni. Kisha linganisha na rafiki wa kabila lingine. Mtashangaa.